Malkia Mentewab: kasri likawa gofu, ibada ikabaki

Hakuna mtoto wa Pwani aliyepita chuoni asiyeijua Habasha. Kabla hajaisikia Uajemi wala Istambuli, huwa ameshasimuliwa habari za masahaba wa mwanzo waliovuka Bahari ya Sham mwaka 615, wakikimbia mateso ya Makureshi, wakapokewa kwa wema na Najashi, mfalme wa Kikristo ambaye mbele yake mtu hakudhulumiwa. Huwa pia ameshamjua Bilali, muadhini wa Mtume (S.A.W.), ambaye asili yake ni huko huko. Lakini ajabu ni kwamba ujuzi wetu hukomea hapo. Kati ya Najashi na Haile Selassie, aliyepinduliwa mwaka 1974, sisi huruka zaidi ya miaka 1,300 kana kwamba katika nchi ile hapakuzaliwa mtu wa kutajwa.

Leo nataka nizibe ufa mmoja katika ukuta huo. Nataka nisimulie maisha ya Malkia Mentewab, mwanamke aliyeishika dola ya Habasha kwa karibu miaka 40 katika karne ya 18. Alijijengea kasri la kupumzikia nje ya mji wake mkuu wa Gondar, na ndani ya ukuta huo huo akaweka nyumba ya ibada ya watu wa madhehebu yake, Waorthodoksi. Kasri lile sasa ni gofu. Monasteri ipo, na watu wake wapo. Katika habari hiyo naona fundisho linalotuhusu sana sisi wenye misikiti, mashamba na nyumba za wakfu.

Ili msomaji asidhani kwamba namleta mtu wa mbali mno, namkumbusha kwamba zama za Mentewab ndizo zama za Mwana Khadija, malkia wa Pate, aliyetawala katika miaka ya 1760 na mwanzo wa miaka ya 1770. Wanawake wawili, mmoja wa bahari na mmoja wa mlima, mmoja wa Kiislamu na mmoja wa Kikristo, kila mmoja akihangaika na jamaa zake kugombania enzi. Sina ushahidi kwamba mmoja alimsikia mwenzake, lakini tabu yao ilikuwa moja.

Mengi ya makala haya nimeyaandika nikiwa Tulia, katika kaunti ya Kitui, nilikokwenda kumzuru binamu yangu anayenunua pojo, ambazo wenyeji wa huko huziita ndengu. Masikioni mwa Mswahili jina la Tulia ni amri ya upole, na mimi niliitii, nikafungua vitabu vyangu. Mzee mmoja wa Kikamba, jirani ya binamu yangu, alikuwa akitukumbusha habari za Kivoi wa Mwendwa, tajiri mkubwa wa Kitui aliyekuwa akishusha pembe za ndovu mpaka Pwani, na aliyeuawa mwaka 1851 akiwa safarini kuelekea mto Tana. Mzee yule aliniuliza kwa nini mtu mkubwa kama Kivoi ameacha jina tu, na wengine huacha jina na mahali. Swali hilo ndilo lililonifanya nimchague Mentewab, kwani maisha yake yote ni jawabu la swali hilo.

BINTI WA QWARA

Qwara ni nchi ya joto iliyo magharibi ya ziwa Tana, upande wa kuelekea Sudani. Huko ndiko alikotoka Mentewab, aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 18. Jina lake la ubatizo ni Walatta Giyorgis. Mentewab ni jina la sifa, na kwa Kiamhara maana yake ni kuustaajabia uzuri wa mwenye jina. Baadaye, alipovikwa taji, alipewa jina la tatu, Berhan Mogasa, nalo maana yake ni utukufu wa nuru.

Wakati huo mji wa Gondar ulikuwa na umri wa miaka 100 hivi. Kabla yake wafalme wa Habasha walikuwa wakitawala kutoka mahemani, wakihama pamoja na majeshi yao. Aliyekata shauri la kukaa mahali pamoja ni mfalme Fasilides, aliyeufanya Gondar kuwa makao yake mnamo mwaka 1636 na kujenga hapo kasri la mawe na chokaa. Fasilides huyu ndiye aliyewafukuza mapadri wa Kijesuiti, baada ya baba yake, Susenyos, kuifuata dini ya Roma na kuitia nchi katika vita vya ndugu kwa ndugu. Kwa kuwahofia Wazungu, Fasilides akatafuta urafiki kwa majirani Waislamu, na mwaka 1648 mjumbe wa Imamu wa Yemen, al-Haymi, alifika Gondar na kuonana naye.

Hata hivyo urafiki wa wafalme si urafiki wa raia. Mwaka 1668, chini ya Yohannes wa Kwanza, baraza la wakuu na makasisi lilitoa amri kwamba Waislamu wa Gondar wakae mtaa wao mbali na Wakristo, na wakawekwa karibu na mto Qaha. Waislamu hao ndio waliokuwa wenye misafara. Waungwana wa Kihabeshi waliiona biashara kuwa kazi ya unyonge, basi nguo, bunduki na bidhaa za ng'ambo zilizopandishwa kutoka bandari ya Massawa zilipita zaidi mikononi mwa ndugu zetu. Mali walikuwa nayo, ila ardhi ya kurithishana hawakupewa. Naomba msomaji aliweke neno hilo la ardhi akilini, kwani tutalirudia.

Mfalme aliyemwoa Mentewab ni Bakaffa, aliyetawala kuanzia mwaka 1721 hadi 1730. Alikuwa mtu mkali, mwenye kuwashuku watu, na inasimuliwa kwamba alipenda kuzunguka nchini amejigeuza asijulikane, kama wasemavyo wasimulizi wetu juu ya Harun Rashid. Hadithi ambayo msafiri wa Kiskoti, James Bruce, aliikuta huko baadaye ni kwamba katika mizunguko hiyo Bakaffa alishikwa na homa alipokuwa Qwara, akalala katika nyumba ya watu asiowajua, na binti wa nyumba ile akamuuguza mpaka akapona. Iwe ni kweli au ni pambo la hadithi, ndoa ilifungwa mwaka 1722, na mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wa kiume, Iyasu.

TAJI LA MAMA

Bakaffa alikufa mwaka 1730. Mrithi alikuwa mtoto wa miaka 7, na sote tunajua hali ya ufalme ambao mwenyewe bado anacheza mchangani. Hapo ndipo Mentewab alipofanya jambo lisilokuwa la kawaida katika nchi yake. Hakutosheka kuwa mama wa mfalme anayenong'ona nyuma ya pazia. Alijivika taji, akatambuliwa kuwa mtawala pamoja na mwanawe, na amri zikatoka kwa majina ya wote wawili.

Wapinzani hawakukawia. Mwaka 1732 waasi walimtangaza mfalme wao, wakaingia Gondar na kuuzingira uwanja wa makasri, mama na mtoto wakiwa ndani. Waliowaokoa ni majeshi ya mikoani. Tangu siku hiyo malkia alikata shauri lake. Dunia imemwonyesha kwamba wakuu wa mji hawaaminiki, na ndugu wa damu ndio ngao. Akawaita watu wa Qwara, akawagawia vyeo na majimbo. Ndugu yake, Wolde Leul, akawa Ras, yaani waziri mkuu na amiri wa majeshi, na kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba.

Jamaa walipokuwa hawatoshi, alitumia ndoa. Baada ya kufiwa na Bakaffa alikuwa na uhusiano na kijana mmoja wa ukoo wa kifalme, naye pia aliitwa Iyasu, na watu wakampa jina la dhihaka kwamba ni mume wa kufugwa. Kwa kijana huyo Mentewab alizaa mabinti watatu, Aster, Walatta Israel na Altash. Mabinti hao walipokua, kila mmoja akawa daraja. Aster aliolewa na gavana wa Begemder, Mariam Barya. Walatta Israel aliolewa na mkuu wa Gojjam. Altash alipewa mwana wa Mikael Sehul, mtawala wa Tigray, aliyekuwa na bunduki nyingi kuliko mtu yeyote kwa sababu jimbo lake ndilo lililoelekea bandari ya Massawa. Na mwanawe mfalme akamwoza Wubit, binti wa wakuu wa Yejju, watu wa Kioromo ambao jamaa zao walikuwa Waislamu. Wubit alibatizwa kabla ya kuolewa.

Ukiitazama mipango hiyo unaona akili ya mtu anayesuka mkeka. Kila ukili umeingia chini ya mwenzake, na wote wanashikana. Kwa miaka mingi mkeka huo ulimtosha kuukalia. Nchi haikukosa vita. Mwaka 1744 mwanawe Iyasu alikwenda kuishambulia dola ya Kiislamu ya Sennar, huko Sudani, akashindwa vibaya sana karibu na mto Dinder, hata masalia matakatifu aliyoyabeba jeshini yakatekwa na ikabidi yakombolewe kwa mali. Lakini mji wa Gondar wenyewe ulisitawi. Wachoraji, wanakili wa vitabu na mafundi wa mawe walipata kazi, na mengi ya mazuri wanayoyaendea watalii huko ni ya zama zake.

KASRI LA QUSQUAM

Mentewab hakupenda kukaa katika uwanja wa makasri mjini, mahali alipozingirwa. Katika miaka ya 1730 alichagua mteremko wa mlima ulio nje kidogo ya Gondar, upande wa kaskazini-magharibi, akauzungushia ukuta wa mawe wenye minara. Ndani yake akajenga kasri lenye ukumbi mkubwa wa karamu na vyumba vyake mwenyewe. Kuta zilipambwa kwa mawe laini mekundu ya volkano, yaliyochongwa misalaba na sanamu. Na kando ya kasri akajenga kanisa la mviringo, pamoja na makao ya makasisi na watawa.

Mahali hapo akapaita Qusquam. Jina hilo ni la Misri. Wakristo wa huko huamini kwamba Qusqam ni mahali walipopumzika Bibi Maryam na mwanawe, Nabii Isa (A.S.), walipokuwa wakimkimbia mfalme dhalimu. Msomaji aliyehitimu chuoni atakumbuka kwamba katika Suratul-Muuminun nasi tunafundishwa kuwa mama huyo na mwanawe walipata hifadhi mahali pa juu penye utulivu, na wafasiri wamehitilafiana ni wapi, wengine wakitaja Sham, wengine Misri. Basi mjane aliyezingirwa na mtoto wake mdogo, akapona, akapanda kilimani na kupapa mahali pake jina la kituo cha mama mwingine aliyekimbia na mtoto. Sidhani kwamba hilo lilikuwa pambo tu. Naona alikuwa akiieleza hofu yake kwa lugha iliyofahamika na watu wake.

Monasteri ile ilijulikana kwa jina la Debre Tsehay, yaani mlima wa jua, na hapa ndipo tunapofika kwenye lile neno la ardhi. Mentewab hakujenga kuta akaondoka. Aliiandikia monasteri mashamba na vijiji, ili mazao na kodi zake ziwalishe makasisi, waimbaji, walimu na watumishi, kila mmoja kwa fungu lake na kazi yake. Desturi ya Gondar ilikuwa kwamba hati za namna hiyo ziandikwe katika kurasa za kitabu kitakatifu cha kanisa, na majina ya mashahidi yakitajwa, ili atakayethubutu kuzifuta ajue anafuta wapi. Sisi tungeliita jambo hilo wakfu. Hukumu zake si zetu na kadhi wake si wetu, lakini nia ni ile ile: mwenye mali aitoe mkononi mwake, asiirithishe wala asiiuze, na manufaa yake yaendelee baada ya kufa kwake.

Haki inanibidi niseme kwamba kila kibaba cha nafaka kilichofika Qusquam kilitoka katika jembe la mkulima ambaye hakuulizwa. Na Waislamu wa bondeni, waliokuwa wakizileta hariri za makasisi hao, hawakuwa na shamba la kuwekea msikiti wao wakfu mfano wake. Wema wa wafalme mara nyingi hutolewa katika jasho la wengine. Mwenye kumsifu Mentewab amsifu, lakini asilisahau hilo.

Katika kisiwa cha Dek, ndani ya ziwa Tana, alijenga kanisa jingine, Narga Selassie. Humo ipo picha yake ukutani, amelala kifudifudi miguuni mwa Bibi Maryam aliyempakata mwanawe. Malkia aliyeamrisha majeshi alitaka vizazi vijavyo vimwone hivyo, chini kabisa ya picha.

MKEKA WAFUMUKA

Mwaka 1755 mfalme Iyasu alikufa kabla ya mama yake. Mjukuu, Iyoas, mwana wa Wubit, akakalishwa katika kiti naye bado mtoto. Mentewab alitaka kuwa mlezi wa mjukuu kama alivyokuwa mlezi wa mwana. Lakini safari hii mama wa mtoto alikuwa hai, naye pia alikuwa na ndugu. Wubit akafanya yale yale aliyoyaona kwa mkwewe. Akawaita jamaa zake wa Kioromo, wakaingia Gondar na farasi wao, wakapewa vyeo na majimbo, mpaka Kioromo kikawa ndiyo lugha ya nyumba ya mfalme.

Hapa ndipo ninapomwona Mentewab katika mtihani wa kweli. Asingeweza kusema kwamba si haki mtu kujaza serikali kwa ndugu zake, kwani yeye ndiye mwalimu wa somo hilo. Watu wa Qwara upande mmoja, watu wa Yejju upande wa pili, na fahali wawili hawakai zizi moja. Aliyekuwa akiwatenganisha ni Ras Wolde Leul, mzee aliyeheshimiwa na wote. Wolde Leul alipokufa mwaka 1767, hapakuwa tena na mtu wa kati.

Ndipo Mikael Sehul wa Tigray alipoitwa Gondar na jeshi lake lenye bunduki, aje aweke amani. Wahenga wetu walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mikael alikuja kama mgeni na akabaki kama mwenye nyumba. Mariam Barya, mume wa Aster, aliuawa katika vita vile, na Aster, kwa uchungu na kutaka kisasi juu ya waliomuua mumewe, akakubali kuolewa na Mikael, ambaye umri wake ulikuwa wa babu. Basi binti wa Mentewab akawa mke wa mtu yule yule ambaye, mnamo mwezi Mei mwaka 1769, aliamuru mfalme Iyoas anyongwe.

Tafakari, ndugu msomaji, jambo hilo lilivyo. Mjukuu ameuawa, na aliyetoa amri ni mkwe. Kila ukili wa mkeka ambao bibi huyu alikuwa ameusuka kwa miaka 40 uligeuka kuwa kamba. Mwaka huo wa 1769 ndio ambao wanahistoria wa Habasha wanauhesabu kuwa mwanzo wa zama za mabwana wa vita, wakati wafalme walipowekwa na kuondolewa kama mishumaa, na nchi haikupata tena mkono mmoja mpaka mwaka 1855, alipotawazwa Tewodros. Na Tewodros huyo, kwa ajabu ya mambo, naye alikuwa mtu wa Qwara.

MIAKA YA MWISHO

Mentewab aliuzika mwili wa mjukuu wake Qusquam, na huko akabaki. Hakuwa tena na jeshi wala sauti mjini. Alibaki na kasri lake, watawa wake na ile nyumba ya ibada. Katika hali hiyo ndipo James Bruce alipomkuta, baada ya kufika Gondar mwezi Februari mwaka 1770. Bruce alifikia kwanza katika mtaa wa Waislamu, kwani hao ndio waliojua kupokea wasafiri. Wakati huo ndui ilikuwa imeingia katika nyumba za wakubwa, na watoto na wajukuu wa jamaa ya kifalme walikuwa wamelala Qusquam katika vyumba vilivyofungwa, visivyopitisha hewa. Mgeni yule, aliyejua kidogo utabibu, alifungua madirisha, akaamrisha vyumba vioshwe na kufukizwa, na wagonjwa watenganishwe. Baadhi walikufa, baadhi walipona, na tangu hapo akawa mtu wa nyumbani.

Aliyoyaandika Bruce juu ya malkia yanatuonyesha bibi aliyechoka, mwenye akili bado kali, anayeuliza habari za Jerusalemu na makaburi matakatifu kuliko habari za vita. Alidumu kuona Mikael naye akishindwa, katika mapigano ya Sarbakusa mwaka 1771, na kutolewa Gondar akiwa mfungwa. Ikiwa alifurahi, furaha hiyo haikumrudishia mtu. Alikufa tarehe 27 Juni mwaka 1773, akazikwa Qusquam pamoja na mwanawe na mjukuu wake.

KILICHOBAKI

Baada yake balaa ziliufuata mji wake kama mawimbi ya kusi. Tewodros mwenyewe aliupora Gondar katika miaka ya 1860. Mwezi Januari mwaka 1888 majeshi ya Mahdi kutoka Sudani, yakiongozwa na Abu Anja, yaliingia Gondar na kuyachoma makanisa yake. Hao walikuwa Waislamu, na si vyema tulifiche hilo kwa kuwa ni letu. Walikuja wakati mfalme Yohannes wa Nne alikuwa ameshawalazimisha Waislamu wa Wollo kubatizwa, na huo nao ulikuwa udhalimu mkubwa. Lakini dhuluma ya mfalme haihalalishi moto juu ya nyumba ya watawa, na mwenye kukumbuka jinsi Najashi alivyowapokea masahaba ana sababu zaidi ya kuona haya. Kanisa alilolijenga Mentewab liliangamia. Lililopo leo lilijengwa baadaye mahali pale pale.

Kasri halikujengwa tena. Mapaa yameanguka, nyasi zimeota katika ukumbi wa karamu, na misalaba ya mawe mekundu bado inatazama uwanja mtupu. Mwaka 1979 magofu hayo, pamoja na makasri ya Gondar mjini, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mifupa ya malkia, ya mwanawe na ya mjukuu wake imewekwa hapo Qusquam katika sanduku moja lenye kioo, wageni wakiizuru.

Na ile ardhi ya wakfu? Hiyo nayo iliondoka. Mwezi Machi mwaka 1975 serikali ya wanajeshi waliompindua Haile Selassie iliifanya ardhi yote ya mashambani kuwa mali ya umma, ya makabaila na ya makanisa pia. Hati zilizoandikwa katika vitabu vitakatifu zikawa historia. Mkulima, ambaye nilisema hakuulizwa, siku hiyo aliachwa kupeleka kibaba chake.

Basi hesabu ya Mentewab ni hii. Madaraka aliyowapa ndugu yalipotea kabla hajafa. Kasri lilibomoka. Kanisa lilichomwa. Ardhi ilichukuliwa. Kwa hesabu ya karani hapakubaki kitu. Hata hivyo makasisi wapo Qusquam, waumini wanapanda kilima, na sala iliyoanza katika miaka ya 1730 inaendelea. Kilichobaki ni watu wanaopahitaji mahali pale, ambao kila palipochomwa walirudi na kila walipopokonywa walichanga.

Hili ndilo jawabu nililompa mzee wa Tulia, na ndilo ninalowaletea wasomaji wangu wa Pwani. Sisi hulia sana juu ya wakfu zilizoliwa, na kilio hicho ni cha haki, kwani ziko nyumba na mashamba ya wakfu ambayo yametoweka mbele ya macho yetu na walioyala wanajulikana. Hati zihifadhiwe, na wadhulumu wasemwe. Lakini twende Gedi, msitu wa Malindi, tukautazame msikiti mkuu. Mihrabu ipo, kisima kipo, hapana aliyekuja kuuchoma wala kuunyang'anya. Watu wa mji walihama mwanzoni mwa karne ya 17, na msikiti ukawa gofu kama jumba la mfalme lililo jirani yake. Aliyesoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anajua alivyoyalilia majumba ya Pate. Misikiti nayo huweza kuliliwa hivyo.

Kwa hivyo, anayetaka kuacha mahali na si jina tu, asihesabu mawe peke yake. Aangalie ni nani atakayefagia, nani atakayesomesha, ni mtoto gani atakayekuwa na sababu ya kuja alfajiri wakati mwenye kujenga ameshakuwa udongo. Mentewab aliwategemea jamaa zake kwa mambo ya dunia, wakamwangusha. Kwa mambo ya ibada aliwategemea watu asiowajua, ambao wengi wao walikuwa bado hawajazaliwa, na hao ndio walioitunza amana yake. Kila mwenye uwezo wa kuweka wakfu, hata wa mnazi mmoja, na alizingatie hilo kabla hajaita mashahidi.